Usiku wa tarehe 4 Agosti 1789: je, wakulima wa Ufaransa waliachiliwa kweli?

Mwalimu wa Kadutu, Bukavu
Ndugu zangu, nawasalimu. Ninafundisha historia katika mwaka wa sita wa sekondari, na wanafunzi wangu wameniuliza swali linalostahili jibu kamili kabla ya mtihani wa Serikali. Daftari zao zinasema kwamba usiku ule, huko Versailles, Bunge la Taifa lilifuta haki zote za makabaila. Lakini zinasema pia kwamba wakulima waliendelea kushambulia makasri hadi mwaka 1792. Ikiwa walikwisha kupewa walichokitaka, walikuwa wakipigania nini?

Mwanasheria wa Himbi, Goma
Mwalimu, jibu limo ndani ya sheria yenyewe. Amri iliyokamilishwa tarehe 11 Agosti ilianza kwa kutangaza kwamba ukabaila umefutwa kabisa, kisha ikayagawa madai ya mabwana mafungu mawili. Yale yaliyomfunga mtu mwenyewe, kama utwana, yalifutwa bila malipo. Yale yaliyosemekana kutokana na ardhi, yaani fedha au sehemu ya mavuno aliyotoa mkulima kila mwaka, yalihesabiwa kuwa mali halali ya bwana, na aliyetaka yakome alipaswa kuyanunua. Bei ilipangwa Mei 1790: malipo ya miaka 20 kwa madai ya fedha, na ya miaka 25 kwa madai ya mazao. Aliyekuwa akilipa livre 10 (livre ndiyo fedha ya Ufaransa ya wakati ule) kwa mwaka alitakiwa kutafuta livre 200, na hadi azipate aliendelea kulipa kama zamani. Kwa maoni yangu, hapo wenye mali walilinda mali, na mkulima alielewa hivyo mapema sana.

Mama wa Walungu, Bukavu
Ninaomba kuuliza. Kwetu Bushi, anayepata shamba kwa kalinzi hutoa ng'ombe kwa chifu, na shamba linabaki kwa watoto wake. Je, madai hayo yalikuwa ya namna hiyo?

Mwalimu wa Kadutu, Bukavu
Hapana, Mama, na swali lako linanisaidia kuwaeleza wanafunzi hasira ile. Kalinzi hutolewa ili mtu aingie katika ardhi, ilhali mkulima wa Ufaransa alilipa mwaka hadi mwaka, juu ya kodi ya mfalme na zaka ya kanisa, kwa ardhi ambayo ukoo wake ulikuwa ukiilima vizazi na vizazi. Ndiyo maana, katika Hofu Kuu ya Julai 1789, yaani hofu na ghasia zilizoenea vijijini, vijiji vingi vilitaka kwanza vitabu vilivyoandikwa madai hayo, na mara nyingi kasri lilichomwa pale bwana alipokataa kuvitoa.

Mwanasheria wa Himbi, Goma
Na vitabu hivyo ndivyo vilivyoamua mwisho wa madai hayo. Agosti 1792, mara baada ya ufalme kuanguka, bwana ndiye aliyetakiwa kuthibitisha dai lake kwa hati ya asili, la sivyo alilipoteza. Tarehe 17 Julai 1793 Konvensheni, yaani bunge la Jamhuri mpya, ilifuta yote yaliyobaki, bila fidia, ikaamuru hati zichomwe. Ila wanafunzi wasiandike kwamba kila mkulima alifaidika: zaka ilipofutwa, mwenye ardhi aliruhusiwa kuidai kwa mpangaji wake kama nyongeza ya kodi, kwa hiyo aliyelima shamba lisilo lake hakupata nafuu hiyo.