Mbwa akifiwa na mwenzake anaomboleza kweli, au tunamtwisha huzuni yetu?

Mleta mada (Mbezi)

Wakuu, heshima kwenu. Kuna ubishi umetugawa mtaani, nimeona niulete huku. Jirani yangu alikuwa na mbwa wawili wa ulinzi, Simba na Bobi. Wezi wakarusha nyama yenye sumu ndani ya uzio, Simba akafa kabla hakujapambazuka. Bobi alipona kwa sababu usiku ule alikuwa amefungiwa uani. Sasa Bobi kila asubuhi anakwenda kwenye banda la mwenzake, ananusa gunia alilokuwa akilalia, anatoka, anajilaza getini kidevu kikiwa chini. Ugali wa dagaa ambao zamani alikuwa akimnyang'anya Simba, siku hizi unachacha kwenye sufuria. Jirani anasema mbwa ana msiba. Shemeji yake anasema mbwa hana msiba wowote, anadeka.

Mimi niko na jirani. Mwaka 2022 watafiti, akiwemo Federica Pirrone wa Chuo Kikuu cha Milan, walichapisha majibu ya watu 426 wa Italia waliokuwa na mbwa zaidi ya mmoja, kisha mmoja akafa. Asilimia 86 walisema aliyebaki alibadilika: wengi wakamganda mwenye nyumba, zaidi ya nusu wakapunguza michezo, na kama thuluthi hivi wakala kidogo na kulala zaidi. Kwa robo hivi ya mbwa hao hali hiyo ilipita miezi sita. Miezi sita ya kudeka? Karibuni.

Mbishi wa Kinondoni

Mkuu, hapo waliulizwa mbwa au wenye mbwa? Mtu amefiwa na mbwa wake, moyo umevunjika, halafu unampa fomu umuulize kama mbwa wa pili ana huzuni. Unategemea aandike nini? Utafiti huohuo ulionyesha kwamba majonzi ya mwenye mbwa yalikwenda sambamba na mabadiliko ya mbwa. Mimi naona hapo ndipo penye kesi yote.

Tena macho yetu kwa mbwa si ya kuaminiwa. Mwaka 2009 kule New York, mtafiti Alexandra Horowitz aliwapima mbwa 14 ile sura tunayoiita ya kujuta, masikio chini na macho pembeni. Mara nyingine wenye mbwa waliambiwa mbwa kaiba chakula wakati hakukigusa. Sura ya majuto ilitokea mbwa alipokaripiwa, awe na kosa au asiwe nalo, na ilikolea zaidi kwa wale wasio na kosa. Kama majuto tuliyasoma kichwani mwetu, nani anatuhakikishia msiba hatuusomi kulekule?

Mtu wa mifugo, Arusha

Mnabishana juu ya moyo wa mbwa na hakuna aliyeuliza kama amepimwa. Nimeitwa nyumba nyingi kwa neno hilohilo, "ana majonzi tangu mwenzake afe." Nikimfunua mdomo, ufizi umepauka. Nikimpapasa nyuma ya masikio na katikati ya vidole, kupe wamejaa. Homa ya kupe inamfanya mbwa asile, azubae, alale kutwa. Itofautishe na msiba kwa macho, kama unaweza! Na mbwa wawili wa boma moja wanagawana kupe, wanagawana maji, na pengine hata hiyo sumu kidogo ilimfikia. Aliyefungiwa uani unajuaje hakuokota kipande asubuhi?

Mwambie jirani aanze kwa daktari wa mifugo. Damu ikitoka safi, ndipo tuongee habari ya msiba. Na dawa yake haina miujiza: chakula saa zilezile, matembezi saa zilezile, gunia la mwenzake aachiwe. Ila asianze kumbembeleza na nyama ya kuchoma kwa mkono. Baada ya wiki mbili atakuwa na mbwa aliyejifunza kwamba ukigoma ugali, nyama inakuja.

Mpitaji

Watu wanalala njaa nchi hii, mnajadili msiba wa mbwa.

Mama wa Nyali

Wewe mpitaji, huruma haipimwi kwa kibaba ikaisha. Huku kwetu Mombasa wengi hatumwingizi mbwa ndani, tuna sababu zetu za dini, na hilo halibadiliki. Lakini ni dini hiyohiyo iliyotuhadithia mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Kiu ya mbwa ilihesabiwa. Sioni kwa nini upweke wake usihesabiwe.

Mleta mada

Ahsante mama. Mtu wa mifugo, nimemfikishia jirani, daktari anakuja kesho.

Mbishi, hoja yako ya wenye mbwa ina uzito, ila kuna jambo umeliruka. Kama Bobi anasumbuliwa tu na mazoea kuvurugika, basi mbwa waliokaa pamoja miaka mingi ndio wangebadilika zaidi. Kule Italia haikuwa hivyo. Muda wa kuishi pamoja haukuleta tofauti. Kilicholeta tofauti ni uhusiano: waliokuwa marafiki, waliokuwa kama mzazi na mwana, waliokuwa wakigawana chakula. Mazoea hayachagui hivyo.

Mbishi wa Kinondoni

Wakigawana, umesema. Na Bobi, kwa maneno yako mwenyewe, alikuwa akimnyang'anya Simba.

Mleta mada

Wewe na kaka yako hamkunyang'anyana minofu?

Mbishi wa Kinondoni

Haya, hiyo nimeipokea. Lakini sikubali bado, na nitakwambia kitakachonifanya nikubali. Siku hizi nyumba ngapi zina kamera? Chukua picha za uani za wiki kabla ya kifo na wiki baada ya kifo, mpe mtu asiyejua ipi ni ipi, asiyemjua hata mbwa mwenyewe. Ahesabu mbwa amekwenda bandani mara ngapi, amelala saa ngapi, amekula au hakula. Akiona tofauti bila kuambiwa hadithi ya sumu, nitasema Bobi kabadilika. Kama ni msiba au ni upweke tu, hapo tutabishana tena, maana mimi hata kuku wangu akibaki mmoja analia.

Mtu wa mifugo, Arusha

Na apimwe kupe kwanza.

Mleta mada

Nimemuuliza jirani sasa hivi. Kamera anayo, ila inatazama barabarani. Bandani haioni.