Jemedari hakufungua mlango

*Kikundi cha familia: Nyumba ya Bombo, Uganda*

Jumamosi

Asha (7:10 mchana): Assalaam aleikum wote. Kuna aliyeongea na Shangazi Zai tangu Alhamisi? Ujumbe wangu bado una tiki moja.

Hamisi: Wa aleikum salaam. Simu yake haipatikani. Nimepiga tangu asubuhi.

Mwanaidi: Mimi tuliongea Jumatano. Alikuwa huko kaskazini, Kitgum, ameegesha kwenye ua wa mwenyeji mmoja nje kidogo ya mji. Alisema kichwa kinamgonga, nikadhani ni jua la Februari tu.

Idi: Ndiyo haya niliyoyasema tangu Agosti anaondoka hapa. Mwanamke wa miaka 61, peke yake, anasafiri na kuishi ndani ya gari, na mbwa wawili. Mtu akizidiwa usiku, mbwa atampa maji?

Twaha: Mjomba, tuvute subira kidogo. Huko mtandao wenyewe hukatika.

Idi: Subira nimeivuta miezi sita, Twaha.

Asha: Bibi ananiuliza kila akimaliza kuswali. Nimwambie nini?

Mwanaidi: Mwambie tunamtafuta. Usimfiche, atajua tu.

Zai (12:48 jioni): Wa aleikum salaam. Niko hai, alhamdulillahi. Simu iliisha chaji na sikuwa na nguvu za kuinuka kuichomeka. Ni malaria. Dawa nimeanza jana, leo nimeweza kunywa uji. Mwambieni Mama kwanza.

Mwanaidi: Alhamdulillahi! Dada, roho ilikuwa juu juu.

Hamisi: Shangazi!! Pole sana.

Asha: Nimemwambia Bibi. Amelia kidogo, sasa anauliza uji wa nini na nani kakupikia.

Zai: Wa mtama, kanipikia mke wa mwenyeji. Mwambie umetiwa ndimu, atafurahi.

Mwanaidi: Dawa ni ile mseto? Vidonge mara mbili kwa siku, siku tatu, na usimeze tumbo tupu. Kula kitu chenye mafuta, hata karanga za kusaga, ndipo dawa inaingia mwilini vizuri. Na hata ukijisikia nafuu kesho, maliza dozi.

Zai: Ndiyo, mdogo wangu. Odi ya hapa kwao, karanga na ufuta wa kusaga, imenisaidia.

Zai: Kaka Idi, nakuomba usikasirike mpaka nimalize. Nitaeleza yote bila kuficha, maana swali lako la maji nimelala nalo siku mbili.

Idi: Eleza.

Zai: Alhamisi usiku homa ilipanda. Nilitetemeka mpaka vikombe vikawa vinagongana kwenye rafu. Alfajiri sikuweza kusimama. Mwenyeji amezoea kuniona saa kumi na mbili nikiwatembeza mbwa hadi kwenye mwembe na kurudi, siku hiyo hakuniona. Saa mbili akaja kugonga. Jemedari akarukia dirisha la mlango, akabweka ule mbweko wake wa kifuani, kioo chote kikajaa mate. Mwenyeji akarudi nyuma. Namsikia anaita "Mwalimu! Mwalimu!" na mimi naitika, lakini sauti haitoki nje ya bati. Akaenda kumleta muuguzi kwa boda. Muuguzi akasimama hatua kumi kutoka kwenye gari, na hapo akakaa saa moja na nusu.

Zai: Wanangu, nilikuwa nawasikia. Mmoja anasema tuvunje kioo cha nyuma. Mwingine anasema huyo mbwa apigwe kwanza. Kipimo na dawa viko hatua kumi kutoka kichwani pangu, na anayevizuia ni Jemedari, ambaye hana kosa hata moja. Alikuwa anafanya kazi niliyomfundisha mwenyewe.

Asha: Ya Rabi.

Zai: Pili ndiye aliyeniamsha. Alinilamba uso mpaka macho yakafunguka sawasawa. Nikatambaa sakafuni, nikashusha kamba iliyokuwa inaning'inia ndani, nikamnasa Jemedari shingoni, nikamfunga kwenye mguu wa meza. Komeo nimelisukuma kwa kiwiko. Muuguzi alipoingia alinikuta nimelala kizingitini.

Idi: Amekulamba uso.

Zai: Amenilamba, Kaka. Nilipopata nguvu nikaosha mara saba, moja kwa udongo, kama Baba alivyotufundisha. Mkeka wangu wa kuswalia uko juu, kwenye sanduku lenye kifuniko, na ndoo ya udhu hawaigusi.

Idi: Mimi sina ugomvi na mbwa wa ulinzi. Baba alifuga wa kulinda mbuzi, tunajua. Ila yule alilala nje.

Zai: Wangu wanalala mlangoni, kama yule wa Watu wa Pangoni katika Kurani alivyolala kizingitini pao. Kaka, nisikilize. Nakasongola, mwezi wa tisa, niliegesha kwenye kituo cha malori kwa sababu giza lilinikuta njiani. Saa nane za usiku mtu alishika kitasa. Hakugonga, alikishika taratibu akaanza kukizungusha. Jemedari hakubweka hata, alinguruma mara moja. Nikasikia viatu vinaondoka kwenye changarawe. Tangu siku hiyo nalala. Kabla ya hapo nilikuwa nafumba macho tu.

Mwanaidi: Hii hukutuambia.

Zai: Sikuwaambia kwa sababu mngenirudisha.

Idi: Tungekurudisha.

*(Idi amefuta ujumbe huu)*

Twaha: Mama Mkubwa, kwa hiyo anayekulinda usiku ndiye aliyekuzuilia daktari asubuhi.

Zai: Umeliona, mwanangu. Hapo ndipo kosa langu lilipo, na si la mbwa. Nilimfundisha mlango haufunguliwi na mtu isipokuwa mimi. Sikumfundisha kwamba kuna siku mimi sitaweza. Wanaosafiri wawili hawahitaji kuwaza hili, mmoja akianguka mwingine anashika kamba. Mimi niko peke yangu, kwa hiyo lazima nipange mapema nani atashika kamba yangu.

Hamisi: Lakini huyo muuguzi naye saa moja na nusu!

Zai: Usimlaumu hata kidogo. Angejuaje kama mbwa amechanjwa? Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona, na yeye ana watoto nyumbani. Kadi za chanjo za mbwa wangu ziko sawa, nachanja kila mwaka, lakini zilikuwa ndani ya droo, na droo iko ndani ya gari, na gari lina Jemedari. Kadi iliyofungiwa ndani ingemsaidia nini?

Zai: Na ninyi mlio hapo Bombo mnaokatiza karibu na mbwa wa mitaani: ukiumwa, sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili kabla ya kitu kingine chochote, kisha hospitali siku hiyo hiyo kuanza sindano. Usisubiri kuona mbwa atafanya nini.

Asha: Shangazi, pumzika sasa.

Zai: Nimepumzika siku tatu, Asha. Kuandika kunanichangamsha.

Hamisi: Ina maana hifadhi ya Kidepo huendi tena?

Zai: Kidepo ndani sikupanga kuingia. Hifadhini mbwa haruhusiwi, na wana haki. Mwaka 1994 kule Serengeti ugonjwa wa virusi wa mbwa, ule unaoitwa distempa, ulivuka kwenda kwa simba ukaua karibu theluthi yao. Theluthi ya simba! Mbwa mzima wa afya kwa macho yako anaweza kubeba kitu kama hicho. Na kuwaacha kwenye gari getini siwezi. Gari lililofungwa juani, nje nyuzi 30, nusu saa tu ndani inapita 40. Mbwa hatoki jasho kama sisi, anahema tu, na akihema hewa ya moto hapoi. Hata sokoni naenda alfajiri, saa nne niko kivulini nimeegesha.

Zai: Nilipanga kufika Karenga, niione ile milima kutoka barabarani nikiwa na wanyama wangu. Inanitosha. Njia yangu wanaichora wao: pa kulala pawe na mti, pawe na maji, pasiwe na mbwa wa mwenyeji waliofunguliwa. Ndiyo maana Karuma sikusimama kabisa, nyani wa pale barabarani walimfanya Pili akwaruze kioo mpaka darajani.

Twaha: Umeme je, feni inawatosha usiku?

Zai: Inatosha. Paneli mbili za sola juu, betri ya volti 12 ya ampea-saa 100, ni kama wati 1,200 za saa moja. Feni ya mbwa inakula wati 25, usiku wa saa kumi ni 250. Mafundi wa Katwe walinifungia vizuri, Mungu awabariki. Simu ilizima kwa sababu ya mkono wangu, si ya betri.

Idi (2:20 usiku): Zainabu. Sasa kamba atashika nani?

Zai: Nimeanza leo, Kaka. Kamba mbili nimezitoa, zinaning'inia nje, pembeni ya mlango. Kwenye kioo nimebandika karatasi kwa mwandiko wangu wa ubaoni: majina ya mbwa, tarehe ya chanjo, namba yako na ya Mwanaidi. Ufunguo wa pili nimempa mwenyeji. Kila nitakapohamia nitafanya hivyo hivyo, na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, nitamwachia namba zenu. Huwa naenda kumsalimia kila nikifika mahali, ila sikuwa namwambia habari za mbwa.

Idi: Ufunguo hautamzuia mbwa kuuma.

Zai: Hautamzuia. Kwa hiyo mwenyeji ndiye anayewalisha sasa, asubuhi na jioni, posho (ugali) na mukene (dagaa), mimi nikiwa nimelala kitandani bila kusema neno. Anasimama mlangoni, anataja jina, anaonyesha bakuli, anasubiri. Asubuhi Jemedari alibweka mpaka bakuli likamwagika. Jioni hii amebweka mara mbili akanigeukia. Sikumtazama. Akakaa chini.

Asha: 😭

Zai: Nataka afike mahali mtu akisimama pale na kamba mkononi, akataja jina lake kwa upole, ajue huyo kaja kunisaidia. Itachukua wiki kadhaa. Sitaondoka Kitgum kabla.

Mwanaidi: Na sisi utupe saa. Kila jioni saa moja, neno moja tu. Isipofika, saa kumi na mbili asubuhi tunampigia mwenyeji. Hatungoji tena siku tatu.

Zai: Nakubali. Saa moja jioni, wallahi.

Hamisi: Mimi mtihani unaisha tarehe 20. Naweza kuja nikae wiki, wanizoee na mimi.

Zai: Njoo, baba. Lakini tuma kwanza fulana uliyoivaa, isifuliwe. Mbwa anakujua kwa pua kabla ya macho. Nikiitandika wanapolala, ukifika hutakuwa mgeni.

Idi: Hamisi hana leseni. Likitokea jambo usiku wa manane, kutoka hapa hadi Kitgum ni karibu kilomita 400, atakuja na nini?

Asha: Shangazi, Baba hatakwambia. Leo mchana alishajaza pikapu mafuta na kutia godoro nyuma. Tulikuwa tunangoja Magharibi ipite aondoke.

Idi: Asha.

Asha: Samahani Baba.

Zai: Kaka yangu.

Idi: Lala. Umemeza dawa ya usiku?

Zai: Nameza sasa hivi, na karanga.

Jumatatu

Idi (1:05 asubuhi): Nimempa kondakta wa basi la Kitgum mfuko mweusi, umeandikwa jina lako. Ndani kuna fulana ya Hamisi. Shati la khaki ni langu, la shambani. Nimelivaa tangu jana, halijafuliwa.

Mwanaidi: Kaka!

Idi: Anayekuja usiku ni mimi. Basi anijue mimi.

Asha: Bibi anauliza kwa nini hukutia kanga yake.

Zai (1:00 jioni): Saa moja. Niko Kitgum, ua ule ule, chini ya mwembe. Homa imeshuka, dozi imeisha jana, nimekula wali. Mfuko umefika saa tisa. Fulana ya Hamisi Pili kaivuta mpaka pembeni anakolala. Shati nimelifunga kwenye kitasa cha mlango kwa ndani. Jemedari amelinusa muda mrefu, kola, kwapa, mifuko yote miwili. Mwenyeji alipoleta bakuli hakubweka. Sasa amelala chini ya shati.

Idi: Sawa. Kesho saa moja.