Tupeane uzoefu: Madame Bovary alimalizwa na mchepuko au na marejesho?

Mama Kihesa:
Habari zenu wapendwa. Nimemaliza Madame Bovary ya Gustave Flaubert, nakala ya Kiingereza niliyoiokota kwa wauza vitabu vya mtumba hapa Iringa. Kwa ambao hamjaisoma: Emma ameolewa na Charles, tabibu wa vijijini huko Normandy, Ufaransa. Mume mpole, anampenda mkewe, lakini kila kitu chake kinamkera mwenzake, hadi mlio anaoutoa akinywa supu. Emma anaanza na Rodolphe, bwana mwenye mashamba. Akitoswa anahamia kwa Léon, karani. Nyumbani anaaga anakwenda Rouen kujifunza piano, kila Alhamisi. Piano gani! Hadithi ilitoka vipandevipande jaridani mwaka 1856, mwanzoni mwa 1857 mwandishi akaburuzwa mahakamani Paris eti anaharibu maadili, akaachiwa.

Wengi wanamsema Rodolphe. Mimi aliyeninyima usingizi ni Lheureux, muuza vitambaa. Anabisha hodi na skafu, mapazia, mazulia: chukua tu mama, utalipa ukipata. Hati juu ya hati. Ndiye anayempa hata wazo la kuchukua hati ya uwakili kwa mumewe ili asaini mwenyewe. Mwisho inakuja amri ya kulipa faranga 8,000 ndani ya saa 24. Emma anakimbilia kwa Rodolphe, anaambiwa sina. Anakwenda kwa mfamasia kula arseniki. Sasa niambieni ninyi mlioshuhudia: kinachotangulia ni mchepuko au deni?

Msafwa Halisi:
Deni. Nimemaliza.

Dada wa Tukuyu:
Mwe! Huyo Lheureux kwetu ni mama, anapita na begi la vitenge siku za gulio, daftari kwapani. Anajua mume gani yuko safarini.

Mkulima Isyonje:
Mtu afe kwa ajili ya mapazia? Wazungu nao.

Baridi ya Mafinga:
Mnamwonea Emma, Charles mmemsahau. Huyo mwanaume alishawishiwa na mfamasia akampasua kijana wa hotelini mguu uliopinda, mguu ukaoza, akaja daktari mwingine kuukata. Heshima ya mume iliishia hapo. Mwanamke hawezi kulala na mtu asiyemheshimu.

Kijana wa Kabwe:
Kwa hiyo mume akikosea kazini unachepuka? Mimi fundi wa friji, kuna siku gesi inavuja. Mke wangu asisome huu uzi.

Baridi ya Mafinga:
Sijasema hivyo, usinilishe maneno.

Kijana wa Kabwe:
Umesema. Panda juu usome ulichoandika.

Dereva wa Uyole:
Huwa sichangii, napita tu. Ila hiyo Alhamisi ya piano imenigusa pabaya. Kwangu ilikuwa Alhamisi ya kikoba.

Naendesha lori, Dar kwenda Zambia. Mnaoijua foleni ya Tunduma mnaelewa, unaweza kulala pale hadi nguo zikuishie. Safari hiyo nimevuka, nimerudi, nimepaki, nimechukua bajaji hadi nyumbani. Nafika getini nakuta guta. Juu ya guta kuna sofa yangu. Vijana wawili wanatoa televisheni, na mama mmoja mnene kasimama barazani na faili, koti la baridi limefungwa hadi shingoni. Majirani wametoka wote, hata wale tusiosalimiana.

Nikauliza, mama vipi? Akanipa fomu. Orodha imeandikwa vizuri: sofa seti moja, TV moja, jiko la gesi, kitanda tano kwa sita na godoro lake. Chini kuna sahihi ya mke, sahihi ya mume na muhuri wa mtaa. Sahihi ya mume ni yangu, imekaa vizuri kuliko ninavyoiandika mwenyewe. Na siku iliyoandikwa pale mimi nilikuwa Kapiri Mposhi.

Nikamgeukia mke wangu, fedha ya nini? Kimya. Nikasema ngoja nimpigie mwenyekiti wa kikoba, labda wanaweza kutustahi. Yule mama akanijibu taratibu, kama mtu anayempa mwenzake pole ya msiba: "Baba, mwenzio kikoba alishajitoa siku nyingi."

Basi simu ya mke wangu ikaita, iko juu ya kabati la vyombo. Jina limeandikwa FUNDI GESI. Nikaipokea, sikusema kitu. Sauti ya kiume: "Mama, pikipiki nimeshaitoa dukani, ubarikiwe sana."

Naomba niishie hapo.

Dada wa Tukuyu:
Uishie wapi?? Kaka, rudi.

Mkulima Isyonje:
Nimeacha ng'ombe hawajakamuliwa.

Mtoto wa Makambako:
Chai hii, haina hata sukari. Fundi gesi apige simu sekunde ileile? Unatunga riwaya mkuu.

Kijana wa Kabwe:
Muache mwenzio. Yakikukuta utajua yanavyopangana.

Shangazi Njombe:
Mimi nina swali moja tu. Kaka dereva, pole sana kwa yaliyokupata. Huko kwenye foleni ya Tunduma ulikuwa unalala wapi?

Dereva wa Uyole:
Ndani ya gari, dada.

Shangazi Njombe:
Peke yako?

Mtoto wa Makambako:
Hahahaa, kimyaaa.

Shangazi Njombe:
Ndicho ninachosema mimi. Mwanaume akiwa na nyumba ndogo mpakani tunaambiwa ni uchovu wa safari. Mwanamke akiteleza, mkoa mzima unajua na kitabu kinaandikwa. Huyo Rodolphe alifanywa nini mwisho wa hadithi? Yupo, analala vizuri.

Mama Kihesa:
Ni kweli, Rodolphe hapatwi na kitu. Anayeumia ni mtoto, Berthe. Mama amekufa, baba anagundua barua za wale mabwana, naye anakufa. Mtoto anapelekwa kufanya kazi kiwanda cha pamba. Halafu hilo la pikipiki limenishtua, kwa sababu Emma naye alikuwa anamnunulia Rodolphe zawadi, hadi kiboko cha kuendeshea farasi chenye mpini uliopakwa dhahabu. Pesa yenyewe ya kuungaunga.

Mchungaji Mstaafu:
Mwanangu dereva, samehe. Mketi na wazee wa pande zote mbili.

Kijana wa Kabwe:
Usisamehe haraka, atakopa tena.

Mkulima Isyonje:
Hamia Chunya ukachimbe dhahabu, simu uzime.

Wakili wa Mtaani:
Naomba nitoe mwanga. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 72, inamruhusu mume au mke kumdai fidia mtu aliyezini na mwenza wake. Yule mtu ana utetezi: akionyesha kwamba hakujua, na hakuwa na namna ya kujua, kuwa mwenzake yuko kwenye ndoa, dai linaanguka. Ukitaka talaka, unaanzia baraza la usuluhishi la ndoa, mahakamani baadaye. Na dada zangu, kifungu hicho hakichagui jinsia. Hata mke wa dereva anaweza kumdai wa Tunduma.

Shangazi Njombe:
Asante wakili. Hilo la mwisho lirudie kwa herufi kubwa.

Baridi ya Mafinga:
Fidia unamdai bodaboda? Akulipe kwa safari za Soweto na Mwanjelwa?

Wakili wa Mtaani:
Na hiyo sahihi ya kughushi ni kosa la jinai, ila fikiria vizuri kabla hujaenda polisi, maana anayeingia ndani ni mama wa watoto wako. Kaka, kadi ya pikipiki ina jina la nani?

Dereva wa Uyole:
Jina la mke wangu.

Dada wa Tukuyu:
Weee! Basi pikipiki ni yenu, kachukue!

Mtoto wa Makambako:
Akaichukue stendi ya Nanenane mchana kweupe aitiwe mwizi? Mnamtakia mema kweli?

Dereva wa Uyole:
Ningekuwa nimeshaichukua. Kadi yenyewe anayo yule mama wa marejesho, kaishika dhamana juu ya sofa. Na rejesho la wiki hii limeshapita.

Wakili wa Mtaani:
Usimpe hata shilingi kabla hujapata nakala ya fomu. Nenda kwake na mwenyekiti wa mtaa, asubuhi, usiende peke yako.