Figo zinahusikaje na upungufu wa damu?

Swali

Wanajamvi, naomba kueleweshwa. Baba yangu amegundulika kuwa na ugonjwa sugu wa figo, na daktari amemwandikia sindano za kuongeza damu pamoja na dawa ya kulinda mifupa. Shuleni nilifundishwa kwamba figo huchuja uchafu na kutengeneza mkojo, basi. Damu na mifupa vinaingiaje hapo? Isitoshe, baba anakojoa kama kawaida, jambo linalonifanya nitilie shaka vipimo vyenyewe.

Jibu la kwanza

Pole kwa kuuguliwa. Ulichofundishwa ni kweli, ila ni sehemu ndogo ya kazi yake. Kila figo ina vichujio vidogo mno, viitwavyo nefroni, vipatavyo milioni 1, na kwa siku moja figo zote mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, kisha hurudisha karibu yote mwilini pamoja na sukari na madini yanayohitajika, zikaacha lita 1 hadi 2 tu zitoke kama mkojo. Binafsi naona huko kurudisha ndiko kunakostaajabisha kuliko kuchuja, kwa maana hapo ndipo mwili unapopimiwa chumvi, asidi na potasiamu, ambayo ikizidi huweza kuvuruga mapigo ya moyo hata ukasimama.

Kuhusu damu, figo ndizo zinazohisi kwamba oksijeni imepungua, nazo hutoa homoni ya erithropoietini inayouchochea uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu. Figo zikidhoofika, homoni hiyo hupungua, na mgonjwa huishiwa damu hata kama anakula vizuri. Huenda sindano alizoandikiwa baba ni za homoni hiyo iliyotengenezwa maabara, muulize daktari.

Jibu la pili

Niongezee upande wa mifupa. Vitamini D tunayoipata kwenye jua na chakula haifanyi kazi kikamilifu mpaka figo ziigeuze, na bila hiyo matumbo hushindwa kufyonza kalisi, madini yanayoimarisha mifupa, ya kutosha. Wakati huohuo fosfeti, madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa, hujikusanya kwenye damu, na mifupa huzidi kudhoofika.

Muulizaji

Ahsanteni sana, sasa naelewa dawa zile. Na kuhusu mkojo?

Jibu la tatu

Wingi wa mkojo si kipimo cha uzima wa figo. Maji yanaweza kuendelea kutoka huku kreatinini na taka nyingine zikibaki kwenye damu, ndiyo maana ugonjwa huu hujificha kwa miaka. Vipimo vya kuaminika ni kreatinini katika damu na protini katika mkojo, na nakusihi wewe pia upime, hasa ikiwa katika familia kuna kisukari au shinikizo la juu la damu, ambavyo ndivyo visababishi vikuu. Jambo moja linaniuma kila ninapoliona: wagonjwa wa figo kumeza ibuprofeni au diklofenaki kila wanapoumwa mgongo. Dawa hizo hupunguza damu inayofika kwenye figo, kwa hiyo baba asizitumie kabla ya kumuuliza daktari wake.