Rafu ya ushairi kwenye maktaba ya shule: vitabu gani, vipangwe vipi, na vinaponyofoka vifanywe nini?

MkutubiPwani:

Ndugu zangu, naomba msaada wa wanaojua ushairi na wanaojua maktaba.

Maktaba ni ya sekondari, Tanga mjini. Zimetengwa rafu tatu za sentimita 90 kila moja kwa ajili ya ushairi wa Kiswahili, na fedha ya kununua vitabu kama 40. Vilivyopo sasa ni nakala nyingi za *Wasakatonge*, *Malenga Wapya* na *Mashairi ya Chekacheka*, basi. Nusu yake zimeachia gundi na kurasa zinatoka mojamoja.

Maswali ni matatu. Kwanza, ukiacha vitabu vya mtihani, ni vipi visikose? Pili, wasomaji wanakuja wakiuliza shairi, si kitabu: "lile shairi linaloanza hivi..." Katalogi yetu inaonyesha majina ya vitabu na watunzi tu, kwa hiyo hatuna la kuwajibu. Tatu, hizo kurasa zinazotoka zirudishweje bila kuharibu zaidi?

Na kama kuna vitabu vinavyozungumzia maktaba na ushairi kwa pamoja, nitashukuru nikitajiwa.

---

BahariYaNane:

Mkutubi, nianze na la kwanza. Usinunue kwa majina makubwa peke yake, nunua ili rafu ionyeshe ushairi ulivyopita kutoka mkono hadi mkono. Ukiwa na Shaaban Robert kumi na huna Muyaka hata mmoja, mwanafunzi ataondoka akidhani ushairi ulianzia Tanga.

Za kale: tafuta *Tenzi Tatu za Kale*, iliyohaririwa na M. M. Mulokozi (TUKI, 1999). Humo mna Utenzi wa Fumo Liyongo, Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, na Utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858. Kwa bei ya kitabu kimoja unapata nguzo tatu zikiwa na maelezo, na mwanafunzi asiyejua Kiamu, lahaja ya Lamu, ataweza kuzisoma. Utendi wa Tambuka, alioutunga Mwengo wa Athumani kule Pate mwaka 1728, una beti zaidi ya 1,100. Ukipata toleo lenye ufafanuzi chukua, ila usilifanye la kwanza kununua.

Muyaka bin Haji wa Mombasa: *Diwani ya Muyaka* ya Hichens ilitoka 1940 na ni adimu. Kitabu cha Mohamed Abdulaziz cha 1979 kina maelezo ya Kiingereza, lakini mashairi yenyewe ni Kiswahili, na ndicho chenye matumaini zaidi ya kupatikana.

Kanuni: *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri* ya K. Amri Abedi (1954). Ukikiweka hicho, lazima uweke na *Kunga za Ushairi na Diwani Yetu* ya Mulokozi na Kahigi (1979) karibu yake, kwa sababu mgogoro wa vina na mizani (kama shairi lazima liwe na silabi za mwisho zinazofanana na hesabu maalumu ya silabi) hauwezi kueleweka kwa kusikiliza upande mmoja. Kisha *Kichomi* ya Kezilahabi (1974), ili msomaji aone guni lenyewe, yaani shairi lisilofuata vina na mizani, lililozua maneno. Halafu *Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla (1973), mashairi aliyoyatunga akiwa gerezani Kenya. Yamefuata arudhi, kanuni za utungaji, sawasawa na bado yana ukali, kwa hiyo yanamjibu kila anayedai kwamba vina vinamfunga mtunzi mdomo.

Zilizobaki nitazitaja kwa kifupi: *Malenga wa Mvita* ya Ahmad Nassir (1971), *Umbuji wa Kiwandeo* ya Sheikh Nabhany (1985), *Sikate Tamaa* ya Said Ahmed Mohamed (1980), *Chembe cha Moyo* ya Alamin Mazrui (1988), *Kimbunga* ya Haji Gora Haji (1994), *Diwani ya Mnyampala* (1963) na *Mashairi ya Saadani* ya Saadan Kandoro (1972). Kwa Shaaban Robert, *Utenzi wa Vita vya Uhuru* na *Pambo la Lugha* vinatosha kuanzia.

Nunua nakala mbili za kile cha Amri Abedi na mbili za *Tenzi Tatu*, vingine nakala mojamoja. Vitabu vya ushairi ni vyembamba, wastani wa sentimita moja hivi. Ukijaza rafu robo tatu tu (na usizidishe hapo, kitabu kinachobanwa huvutwa kwa kichwa cha mgongo na kuchanika), nafasi yako inabeba vitabu karibu 200. Kwa hiyo nafasi si tatizo lako.

---

KadiNaFahirisi:

La pili ndilo lililonifanya niandike, maana ni kasoro ya maktaba nyingi. Diwani ni jina moja lililofunika mashairi 50, 60 au zaidi. Katalogi ikiishia kwenye jina la kitabu, hayo 60 yamefichwa.

Kwanza namba. Kwa Dewey, mfumo wa kupanga vitabu kwa namba za masomo, fasihi ya Kiswahili ni 896.392, na ushairi wake ni 896.3921. Mikusanyo ya watunzi wengi ni 896.3921008, na uhakiki na historia ni 896.3921009. Kwa rafu tatu sikushauri kubandika namba ndefu hizo kwenye migongo myembamba, lebo haitaenea. Andika 896.3921 kwa zote, ongeza herufi tatu za mtunzi, na uhakiki upewe kijirafu chake mwishoni.

Sasa mitego. Kitabu cha Amri Abedi ni kanuni na diwani kwa pamoja. Ukikifuata kama kitabu cha kanuni unakipeleka 808.1, na kati ya hapo na 896 pana fasihi za Kimarekani, Kiingereza, Kifaransa na nyingine zote. Kimepotea. Kiweke 896.3921, halafu tia kadi ya pili kwenye 808.1 inayosema kiko wapi. *Kunga za Ushairi* ufanye vivyo hivyo.

Majina: Shaaban Robert msomaji wa kwetu anamtafuta kwenye S. Mpe SHA, na kadi ya kuelekeza kutoka Robert. Muyaka ni MUY, usimpeleke kwenye jina lake la mwisho, Ghassaniy. Kumbuka na tenzi zina majina mengi: Utendi wa Tambuka ndio huohuo Chuo cha Tambuka, ndio Chuo cha Herekali. Kadi moja iwe kuu, nyingine zote zielekeze kwake. Utendi na utenzi pia, chagua moja kwa katalogi nzima. Na usipange kwa neno la kwanza la jina, la sivyo "Utenzi wa", "Diwani ya" na "Malenga wa" zitarundikana mahali pamoja. Ruka hayo, panga kwa neno linalofuata.

Baada ya hapo ndipo utengeneze fahirisi ya mianzo. Fungua jedwali la kompyuta, au daftari kubwa la mistari, lenye safu sita: mshororo wa kwanza, jina la shairi, mtunzi, kitabu, ukurasa, bahari (aina ya shairi). Kwa shairi la mizani kumi na sita andika ukwapi na utao (nusu ya kwanza na ya pili ya mshororo) wote wawili. Wengi wanaanza na maneno ya namna moja, na ukwapi pekee hautofautishi. Mashairi yenye kibwagizo yaongezewe safu ya saba ya kibwagizo, kwa sababu mara nyingi ndicho pekee kinachobaki kichwani mwa msomaji. Ukishazoea, diwani ya mashairi 60 itakuchukua kama saa mbili.

Unaponakili, usisanifishe! Hapa ndipo makarani wazuri wanapoharibu. Mtunzi wa Mvita (Mombasa) au Amu (Lamu) akiandika "mato", ukimwandikia "macho" umevunja kina cha -to. "Kwandika" ina mizani tatu (kwa-ndi-ka), "kuandika" ina nne. Ukirefusha, mshororo unazidi. Hesabu kwa vidole kila unapotilia shaka. Mfano wa utenzi, ambapo kila kipande ni mizani nane:

Kitabu kikikatika
gundi yake kubanduka
kurasa zikitoroka
shairi litapotea

Cha tatu: ku-ra-sa-zi-ki-to-ro-ka, nane kamili. Karani akiingiza "kurasa zake zikitoroka" ni kumi, na kosa unaliona papo hapo. Angalia pia kwamba "mtu" ni mizani mbili (m-tu) na "nchi" ni mbili (n-chi), lakini "ngoma" nayo ni mbili tu (ngo-ma). Ng hapo haisimami peke yake.

Kuhusu vitabu vya maktaba na ushairi kwa pamoja: Callimachus, mshairi wa Kigiriki aliyefanya kazi Alexandria karne ya 3 kabla ya Kristo, aliandika *Pinakes*, orodha ya magombo 120 ya waandishi na kazi zao. Kwa kila kazi alitaja maneno yake ya mwanzo na idadi ya mistari. Yenyewe imepotea, vimebaki vipande. Iliyobaki ni *Al-Fihrist* ya Ibn al-Nadim, Baghdad, mwaka 987, na neno hilo la jina lake ndilo asili ya neno letu fahirisi. Mwandishi alikuwa muuza vitabu. Ina sehemu kumi, na ya nne ni ya ushairi. Kwa diwani za washairi wa zama zilizomkaribia anataja hata kiasi cha karatasi, na anaeleza karatasi anayoikusudia ni ya mistari 20 kwa upande, ili mnunuzi ajue kama anauziwa nakala pungufu. Kwa uendeshaji wa maktaba kwa jumla, soma *The Five Laws of Library Science* ya Ranganathan (Madras, 1931). Sheria yake ya nne ni kuokoa muda wa msomaji, na fahirisi ya mianzo ni hiyo sheria ikitendwa.

---

GundiBaridi:

La tatu. Kabla ya yote, ondoa selotepu yoyote mezani. Gundi yake hugeuka njano, hupenya karatasi, na ukija kuivua inaondoka na maandishi.

Vitabu hivyo vimefungwa kwa gundi ya moto mgongoni bila uzi. Gundi ikikauka hupasuka pale kitabu kinapofunguliwa na kulazwa kifudifudi. Kubandika karatasi mojamoja hakudumu: unayoirudisha inasukuma ya jirani, kesho inatoka hiyo. Fungua kitabu chote.

Vua jalada taratibu. Kwangua gundi ya zamani, kisha gonga kurasa mezani mpaka mgongo na kichwa vilingane. Ikibidi kukata mgongo, usizidi milimita 2. Kwenye ushairi hili ni muhimu kuliko kwenye riwaya, maana mshororo mrefu wa ukwapi na utao huchapwa hadi karibu na mshono. Ukikata milimita 5 kitabu kikifungwa mizani za mwanzo zinazama ndani.

Bana kurasa kati ya vibao viwili, mgongo ukitokeza kama sentimita 3. Upinde mgongo upande wa kulia ili kurasa zijitandaze kama ngazi, paka gundi nyeupe ya maji (PVA) nyembamba. Pinda kushoto, paka tena. Kwa njia hiyo kila karatasi inapata uzi mwembamba wa gundi pande zote mbili, siyo kwenye ukingo tu. Nyoosha, sogeza vibao mpaka usawa wa mgongo, kaza. Chora mikato ya kina cha milimita moja kila baada ya sentimita 2, laza uzi wa pamba ndani yake, paka tena, bandika kipande cha shashi. Saa 24. Msimu wa masika ipe 48, kwa sababu gundi inaonekana kavu juu na ndani bado ni maziwa. Jalada linarudi mwisho.

Karatasi iliyochanika katikati ya shairi haitaki PVA, kwa sababu haivuliki tena. Tumia wanga wa ngano: kanda unga kwa maji, uoshe donge ndani ya bakuli, acha maji yatuame usiku kucha, mwaga ya juu, kilichobaki chini ndicho wanga. Sehemu moja ya wanga kwa nne za maji, moto mdogo, koroga hadi ing'ae. Ukitumia unga mzima umewaandalia wadudu chakula.

---

MkutubiPwani:

Asanteni sana. Moja limebaki: upande wa ukuta kuna unyevu, na kwenye baadhi ya majalada kuna vumbi la kijani.

---

GundiBaridi:

Hiyo ni kuvu. Hustawi unyevu wa hewa ukipita asilimia 65, na Tanga unapita kwa miezi mingi. Sogeza rafu sentimita 5 kutoka ukutani ili hewa ipite nyuma, na rafu ya chini iwe angalau sentimita 10 kutoka sakafuni, kwa ajili ya maji ya kupigia deki na kwa ajili ya mchwa. Vilivyoshikwa vitenge, vikaushe kivulini penye upepo mpaka vumbi liwe kavu kabisa, kisha futa kwa brashi laini ukiwa nje na ukiwa umeziba pua na mdomo. Ukifuta likiwa bichi unalipaka karatasini. Usivianike juani, majalada yatajikunja.

Ukiona vitundu vya wadudu, funga kitabu ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, weka kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukikitoa, usifungue mfuko kabla ya saa 24, maana umande utaganda juu ya kitabu badala ya juu ya plastiki.

---

KadiNaFahirisi:

Naongeza hapo: kabla hujavua jalada la kitabu chochote, hesabu kurasa na uangalie kama zilizotoka zipo zote. Iliyopungua iandike kwenye fahirisi, mbele ya shairi husika: "uk. 37–38 hazipo." Maktaba jirani yenye nakala nzima itakusaidia kupata hizo mbili tu, na unaziingiza kabla ya kupaka gundi.