Kutembea pekupeku asubuhi hapa Lamu: wapi tuvue viatu, wapi tusivue?

BintiLangoni:
Asalaam alaykum wanajamvi. Twataka kuanza kutembea pekupeku kila siku baada ya Alfajiri, kutoka Langoni hadi ufuoni Shela. Tutakuwa watatu: mimi, mwanangu wa miaka 6, na baba, mwenye miaka 63 na sukari ya muda mrefu. Wengine wasifu mchanga, wengine wasema ni kujitafutia safura na funza. Je, tuvue viatu njia nzima? Na baba naye?

Fundi_Matondoni:
Waalaykum salaam dada. Vivueni mkishafika Shela, si kabla. Vichochoroni mna samadi ya punda, mitaro ya maji machafu na vigae vya chupa, na pale majahazi yanapokarabatiwa misumari huzama mchangani isionekane. Watu hulaumu kutu, lakini kutu si chanzo cha pepopunda. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na msumari huvisukuma ndani mahali hewa haifiki. Kwa hiyo tundu dogo lililojifunga ni la kuogopwa kuliko mchubuko mpana.

Ufuoni nako, tembeeni kwenye mchanga mgumu wenye unyevu, chini ya ule mstari wa mwani ulioachwa na maji ya kujaa. Hapo bahari huosha kila siku. Mchanga mkavu wa juu, hasa wenye kivuli, ndiko paka na mbwa wanakojisaidia.

MuuguziPwani:
Nakazia hapo kwa paka. Mayai ya minyoo yao huanguliwa mchangani, na baada ya siku 5 hadi 10 viluwiluwi huweza kupenya ngozi. Kwa binadamu hubaki chini ya ngozi vikichora mstari mwekundu unaopindapinda na kuwasha sana usiku. Msichokonoe kwa sindano: kiluwiluwi kiko mbele ya pale mstari unapoonekana kuishia, mtachimba bure na kuleta usaha. Dawa ni albendazole au ivermectin, na kipimo apange daktari, hasa kwa mtoto.

Safura ni mnyoo mwingine, wa kinyesi cha binadamu. Huo hufika hadi utumboni na kunyonya damu. Dawa za minyoo wanazopewa watoto shuleni husaidia, asikose.

Sasa baba. Dada, nakuomba asivue viatu kabisa, hata kwenye mchanga laini. Sukari ya miaka mingi huua hisia za nyayo. Atakanyaga kigae asijue, na kidonda cha sukari huweza kuishia kwa kukatwa mguu. Mchanga wa mchana nao humuunguza bila yeye kusikia moto. Kila jioni mtazameni nyayo na katikati ya vidole. Akiwa peke yake atumie kioo. Zioshwe kwa maji ya uvuguvugu, si ya moto, zikaushwe vizuri vidoleni.

Shangazi_Mkomani:
Funza ni rahisi, mwanangu. Paka mafuta ya taa kisha mtoe kwa pini.

MuuguziPwani:
Shangazi, kwa heshima zote, mafuta ya taa huunguza ngozi, na pini ya kupokezana huweza kupitisha homa ya ini na Ukimwi. Akiwa mmoja tu, atolewe kwa sindano mpya iliyo safi, mzima mzima bila kupasuliwa, kisha kidonda kioshwe na kupakwa dawa. Wakiwa wengi, kuna mafuta ya dimetikoni ambayo huziba pumzi ya funza akafia humo humo, ulizeni zahanati. Funza hupenda vumbi kavu la zizini na uani, kwa hiyo nyunyizeni maji na kufagia kila siku.

BintiLangoni:
Ahsanteni sana. Na mwanangu hupenda kuchezea majini ukingoni. Taa je, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani?

Nahodha_Faza:
Taa hujifukia mchangani kwenye maji ya magotini. Mfundishe kukokota nyayo, asinyanyue mguu na kukanyaga. Taa akihisi mtikisiko huondoka mwenyewe. Akikanyagwa mgongoni ndipo apigapo mkia. Miambani, maji yakipwa, avae viatu vya plastiki vya kufunika vidole. Huko kuna wale duara wenye miiba myeusi, chaza wenye makali ya wembe, na samaki anayefanana na jiwe, ambaye sumu yake ni kali mno.

Akichomwa, mguu utumbukizwe kwenye maji ya moto anayoweza kuvumilia, yasizidi digrii 45, kwa dakika 30 hadi 90, mkiongeza yakipoa. Joto huvunja sumu na kupunguza maumivu. Mtu mzima ayapime kwanza kwa mkono wake. Msifunge kamba wala kuchanja, na mwendeni hospitali hata maumivu yakitulia, kwani kipande cha mwiba huweza kubaki ndani.

MuuguziPwani:
Kwa jeraha lolote la kuchomwa: osheni kwa maji mengi safi na sabuni, kisha angalieni kadi ya chanjo. Jeraha likiwa chafu na chanjo ya mwisho ya pepopunda imepita miaka 5, nendeni mkachanjwe siku hiyo hiyo. Asiyejua alichanjwa lini ahesabiwe hajachanjwa.

Na wewe dada, usianze na ufuo mzima. Wiki ya kwanza dakika 10 hadi 15 zatosha, kisha uongeze kidogo kidogo. Bila kiatu, kano ya kisigino na misuli ya nyuma ya mguu hufanya kazi isiyoizoea. Ukiamka na kisigino kikakuuma hatua za kwanza, rudi kwenye viatu hadi kitulie.

BintiLangoni:
Baba ana kandambili na makubadhi tu. Zitafaa?

MuuguziPwani:
Hapana. Kamba ya katikati ya vidole itamchubua. Mtafutie raba pana za kufunga, soksi isiyobana, na kabla hajavaa aingize mkono ndani ya kiatu akung'ute mchanga na changarawe.