Chai ya usiku Globe hadi Ngara: tukimkuta mtu amechanganyikiwa au haamki, tufanye nini?

Mgawa Chai
Habari zenu wadau. Kikundi chetu cha kanisa hupeleka chai na mkate kila Ijumaa usiku, kuanzia Globe hadi Ngara, hapa Nairobi. Kati ya wanaolala nje wapo wanaoongea peke yao, wapo wasioamka ukiwaita, na baridi hii ya Julai tunaogopa kupoteza mtu. Tuko watu 6, gari moja, hatuna daktari. Tumewaza kuwapeleka wote Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili. Ni sawa?

Muuguzi wa Akili
Hapana, si wote. Waulizeni kwanza wanaolala karibu naye: ameanza lini kuwa hivi? Aliyeongea vizuri juzi na leo hajui yuko wapi, huyo chukulieni kwamba mwili ndio unaumwa: sukari imeshuka, uti wa mgongo umeingia homa, amegongwa kichwani. Huyo apelekwe kasuali (idara ya dharura) ya hospitali kubwa kama Kenyatta au Mama Lucy, usiku huo huo. Anayesikia sauti kwa miezi lakini anakula, anajibu jina lake na hatishii kujidhuru wala kudhuru mtu, anaweza kungoja kliniki ya Jumatatu.

Wengi hufa kwa sababu neno "kichaa" likishatajwa mlangoni, hakuna anayepima kitu kingine. Ombeni apimwe sukari na joto, na kichwa kikaguliwe, kabla mazungumzo ya akili hayajaanza.

Na tafadhali, msimwambie mnywaji wa chang'aa aache leo, hata kwa nia njema. Aliyekunywa kila siku kwa miaka, pombe ikikatika mikono huanza kutetemeka ndani ya saa 6 hadi 12, degedege linaweza kuja kabla ya saa 48 kuisha, na kati ya siku ya 2 na ya 4 anaweza kuona wadudu wasiokuwepo, jasho likimtoka na moyo ukienda mbio. Hapo anaweza kufa. Aachishwe akiwa chini ya daktari, kwa dawa za kutuliza na vitamini B1. Wa kifafa naye asikatize vidonge. Degedege likipita dakika 5, au likirudi kabla hajapata fahamu, washeni gari.

Mgawa Chai
Kuna kijana shingo imempinda, macho yamegeuka juu. Wenzake wanasema ni jini. Alipewa dawa juzi.

Muuguzi wa Akili
Hiyo inafanana sana na madhara ya dawa za akili kama haloperidol: misuli imekaza. Dawa ya kuilegeza ipo. Ya sindano hufanya kazi kwa dakika chache. Apelekwe leo, maana akiachwa na maumivu hayo hatakanyaga kliniki tena. Akishatulia, ulizeni kama anaweza kuhamia sindano ya kila wiki 4. Vidonge vya mtu wa barabarani huibwa au hulowa.

Mtaa kwa Mtaa
Wasioamka: msidhani ni usingizi wala ulevi. Msugueni mfupa wa kifua kwa vifundo vya vidole. Asiposhtuka, pumzi ikawa chini ya moja kila sekunde 5, midomo ikawa ya bluu na mboni zikawa ndogo kama ncha ya sindano, huyo amezidisha heroini. Mpulizieni pumzi moja kila sekunde 5. Aliyefunzwa amdunge naloxone, dawa inayozima nguvu ya heroini, miligramu 0.4 pajani, arudie baada ya dakika 2 au 3 asipopumua. Naloxone huisha ndani ya dakika 30 hadi 90 na heroini bado imo mwilini, kwa hiyo akiamka msimwache. Akipumua vizuri mlazeni ubavu, matapishi yasimkabe.

Aliyetoka jela majuzi ndiye wa kuangalia zaidi. Mwili umesahau heroini, yeye anarudia kipimo cha zamani.

Kwa baridi, maboksi yawe mengi chini kuliko blanketi juu. Sakafu ya veranda hunyonya joto usiku kucha, na baadhi ya dawa za akili hupunguza uwezo wa mwili kujipasha. Nguo mbichi zivuliwe kwanza. Jiko la makaa lisiingizwe ndani ya hema la nailoni. Moshi usioonekana huua waliolala.

Mtetezi
Mkiambiwa hana kitambulisho wala SHA (bima ya afya ya serikali), tajeni Katiba, kifungu cha 43(2): hakuna wa kunyimwa matibabu ya dharura. Bili mzungumze na afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, kabla haijapanda.

Mtu akionekana amekata tamaa, muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Wengine hunyamaza wakiogopa kushtakiwa. Waambieni kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba.

Bebeni daftari pia. Msiandike "chokoraa wa Globe". Andikeni jina lake, la mama yake, kwao ni wapi, dawa anayotumia na tarehe ya sindano ijayo. Akizimika wiki ijayo, hayo ndiyo daktari atakayouliza.

Mgawa Chai
Asanteni sana. Daftari tunanunua kesho. Naloxone tutaulizia mafunzo kwenye kliniki ya methadone (dawa ya kuwasaidia waliozoea heroini) hapo Ngara.